Herufi Zilizokatwa Miguu

Mliokuwa ukumbini Makambako Jumamosi ile mliliona gauni la kufungia onyesho la mavazi, na ambao hamkuwepo bila shaka mmeshatumiwa video. Ukumbi ulisimama, simu zikainuliwa juu, mshereheshaji akapaza sauti mpaka spika zikakwaruza. Mimi nilibaki nimekaa. Gauni lile lilikatwa vibaya. Sisemi lilishonwa vibaya, maana mshono ukikosewa hufumuliwa na kesho ukarudiwa. Mkasi ukishapita, umepita.

Yaliyotangulia usiku ule yalikuwa safi, na nayataja kwa mkupuo: kijana aliyeunganisha sweta za kufuma na kitenge ameielewa baridi ya kwetu kuliko mbunifu yeyote niliyemwona mwaka huu, suti za kola ya Mwalimu zilikaa begani bila kuvuta, na magauni ya watoto yalikuwa na marinda yaliyopangwa kwa rula. Hata lile gauni la mwisho, ovaloki yake ilikuwa nadhifu, bitana haikuchungulia, na zipu ilipanda na kushuka bila kukwama. Mikono ya yule binti aliyelibuni ni mikono ya fundi. Ndiyo maana nimeumia.

Sasa twendeni kwenye meza ya kukatia.

Alikuwa na doti moja ya kanga, nyekundu na nyeusi, yenye korosho katikati ya mji, yaani uwanja wa ndani unaozungukwa na pindo. Vipande viwili, kila kimoja urefu wa sentimita 150 hivi kwa kimo cha 110. Alitaka gauni la kubana mpaka magotini kisha liachie chini, na alitaka lishuke moja kwa moja kutoka begani hadi sakafuni bila mshono kiunoni. Huo ndio mtindo wa mjini kwa sasa, na mshono wa kiunoni umegeuzwa kuwa dalili ya ushamba. Mwanamitindo wake ni mrefu. Kutoka bega mpaka sakafu, akiwa juu ya kisigino, usipime chini ya sentimita 145. Kimo cha 110 hakikutosha. Basi binti akaisimamisha kanga: ule upande wa 150 uliozaliwa ukiwa umelala, akausimamisha wima, kipande kimoja kikawa mbele, kingine nyuma. Akachora, akakata.

Huo ndio uamuzi ninaoulalamikia. Mengine yote yalizaliwa hapo, na naomba tuufuate mkasi taratibu.

Kanga ikisimama wima, upana unaobaki ni 110. Kipande cha mbele cha gauni la kubana kinataka nusu ya hapo, 55 hivi pamoja na akiba ya mshono. Ili korosho ya katikati ikae katikati ya mwili, ilibidi aondoe robo ya kanga upande huu na robo upande ule. Nusu ya nguo ikaanguka chini ya meza. Ndani ya nusu hiyo mlikuwa na pindo refu la juu na pindo refu la chini, yaani ukuta wote unaoushika mji usimwagike. Pindo lililoonekana sakafuni wakati anatembea ni lile la upande mfupi, na liliponea kwa bahati tu.

Na jina, yale maandishi ya kanga, je? Jina la kanga hukaa katikati, juu kidogo ya pindo la chini. Ukipima kutoka ukingoni ni sentimita ishirini na kitu. Robo ya 110 ni 27 na nusu. Mnaona wenyewe mkasi ulipita wapi.

Watu wakiwa bado wanapiga makofi, nilikwenda nyuma ya jukwaa nikamwomba mwanamitindo anivumilie. Nikapiga goti, nikashika ubavu wake wa kushoto. Maandishi yalikuwa yanashuka wima kutoka kiunoni hadi gotini, kama kibao cha duka kilichong'oka msumari mmoja kikaning'inia. Kwa kawaida jina hukanyaga upande wa pindo, na kwa kuwa upande wa pindo ndio uliokatwa, herufi zote zilikuwa zimepoteza miguu. Vilibaki vichwa. J ilikuwa kijiti. O mbili zilikuwa matao mawili yaliyofuatana. A ilikuwa paa la nyumba isiyo na kuta. P ndiyo pekee iliyobaki na sura yake, kwa sababu uzito wa P uko kichwani. Neno la kwanza lilikuwa limeingia kwenye meno ya zipu. Nikalisoma jina kwa kidole, herufi kwa herufi, na neno la kwanza nikalikisia kwa kuijua methali: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Upande wa kulia, kwenye kipande cha nyuma, maafa yalikuwa yale yale. Jina moja limekatwa mara mbili katika nguo moja.

Binti akanikuta pale chini nimepiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kanga yako inasemaje?"

Akaliangalia gauni lake, akaniangalia mimi. "Sikuisoma, mama. Nilipenda rangi."

Simtaji na sitamtaja. Ana miaka michache kwenye meza, na aliyemfundisha kukata hakumwambia kwamba kanga inasomwa. Lakini fikirini alichokuwa nacho mkononi. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapita hapo, ya Njombe na Songea inachepukia hapo, na reli ya TAZARA, iliyofunguliwa miaka ya sabini, ina stesheni hapo. Mji ule unaishi kwa mgeni: anashuka, anakula, ananunua, anapanda. Ukumbini walikaa watu kutoka Njombe, Iringa na Dar es Salaam. Ungetafuta jina la kufungia onyesho lile mwaka mzima, usingepata linalofaa kuliko hilo. Jina lenyewe lilikuwa nusu ya ubunifu na lilishalipiwa dukani. Yeye akalipitishia zipu.

Nimelisema jambo hili katika safu hii zaidi ya mara moja na nitalisema tena: kanga si kitenge. Kitenge kinatoka kiwandani maua yakijirudia toka mwanzo wa jora mpaka mwisho. Huwa hakina mji wala jina, na vingi havina hata juu na chini. Ukate hapa, ukate pale, ua linalofuata linakusubiri. Kitenge cha nta tunachokiita cha Kiafrika kilianza kama batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi, na Vlisco, maarufu kuliko vyote, ilianzishwa mwaka 1846. Kitambaa kile tangu awali kilikusudiwa kuuzwa kwa kipimo na kukatwa kwa mkasi. Hakuna anayekionea kwa kukikata.

Kanga ilianza kinyume chake, kwa kuunganishwa. Simulizi ya pwani inasema kuwa mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walinunua leso zilizokuja zikiwa hazijatenganishwa, wakazishona tatu juu ya tatu mpaka wakapata vazi moja lenye mpango wake. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima namna ile. Maandishi yakaja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini, na Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule wa alama ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa zaidi kwa kuyaeneza. Nguo ikapata pindo, mji na jina. Ina juu na chini, ina katikati, na ina ujumbe kwa yule anayekuja nyuma yako. Inafika mkononi mwa fundi ikiwa imeshabuniwa. Fundi anaalikwa kuendeleza kazi ya mwenzake, na mtu haendelezi barua kwa kuchana sentensi katikati.

Wajapani wana nidhamu hii ya kukifuata kitambaa. Kimono hukatwa kutoka jora jembamba, upana wa sentimita 36 hivi, kwa mistari iliyonyooka, na karibu hakuna kipande kinachotupwa. Mwili ndio unaoifuata nguo. Fundi wao anaanza kwa kuuliza kitambaa kina upana gani, halafu ndipo anafikiria vazi. Binti wetu alianza na picha ya gauni kwenye simu, akailazimisha kanga ifanane nayo.

Na hesabu ilikuwa upande wake! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Kutoka kiunoni hadi sakafuni, kwa mwanamitindo yule, ni sentimita 105 hivi. Kanga ikiwa imelala ina kimo cha 110. Angeichukua kama ilivyo, pindo la chini likawa upindo wa gauni, jina likakaa nyuma, juu kidogo ya upindo, upande ule ule ambao bibi zetu wamelibeba siku zote, na zikabaki sentimita tano za kuingiza kwenye kiuno. Mzunguko wa 150 ungetosha nyonga zake na kuacha ziada ya kukunjia marinda mawili mbele, na pindo mbili za pembeni zingekutana zikashuka kama reli mbili. Hapo bado hajaukata mji.

Kipande cha pili kingekuwa cha juu. Sehemu yake ya juu, sentimita 60 hivi, inatoa mbele na mgongo vikiwa vimelala ubavu kwa ubavu, na pindo la juu linakuwa ukingo wa shingo. Sehemu ya chini inabaki na jina lake zima. Hilo unalikata kama utepe na kulifunga kiunoni, na mshono ambao mjini wanauonea aibu unafunikwa na maneno yenyewe. Mgeni anasoma mara mbili, kiunoni na nyuma. Mabaki yanatosha mfuko mdogo wa mkononi. Gharama ni ile ile, doti moja. Kilichohitajika ni kukubali mshono mmoja wa kiuno.

Mtaniambia kwamba kanga imekatwa siku nyingi na maonyesho makubwa. Ni kweli, na sipingi mkasi. Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week Dar es Salaam mwaka 2008, wabunifu wetu walipata jukwaa la kudumu la kujipima, na kuna kanga zilizopita pale ambazo ningezivaa kesho. Nenda nyuma kidogo, kwa mama Asia Idarous na maonyesho yake ya Khanga za Kale. Mama yule ameifanyia kazi kanga miaka mingi, na somo ninalolichukua kwake ni kuifunga na kuikunja kabla ya kuikata. Kanga ikifungwa vizuri, jina linatembea na mvaaji. Ndicho nilichokikosa Makambako.

Na kama tunataka mfano wa uamuzi wa kishujaa jukwaani, ninao mmoja nisiouacha. Mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico City akiwa amenyoa kichwa, katikati ya warembo wenye nywele hadi kiunoni, akaingia kumi bora. Kila mtu anakumbuka upara. Mimi nakumbuka hesabu iliyokuwa nyuma yake: aliondoa kitu kimoja ili uso, shingo na mabega vionekane. Kukata ni kuchagua kinachobaki. Yeye alijua kinachobaki. Gauni la Makambako lilipokatwa, kilichobaki kilikuwa rangi.

Hapa nina kinyongo cha zamani na sitakificha. Nchi hii imebishana sana juu ya nguo, lakini karibu kila mara imebishana juu ya urefu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita Dar es Salaam, wasichana wakasumbuliwa vituoni na barabarani. Mwaka ule ule wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, tukaanza kuchapa kanga zetu kwa wingi. Mambo hayo mawili yalitokea mwaka mmoja, na tazameni lipi tumelirithi. Mpaka leo binti akitokea na nguo inayoishia juu ya goti kila mtu ana maoni. Akitokea na kanga iliyochinjwa jina, ukumbi mzima unasimama kupiga makofi. Mkato haujawahi kuwa hoja yetu.

Mtu anaweza kuuliza Tandala yetu inahusika vipi na haya yote, huku juu Makete ambako mwezi wa saba tunaamka majani yakiwa meupe kwa sakitu na kanga huvaliwa juu ya sweta. Inahusika sana. Wakinga, watu wa huku Makete, wamefanya biashara ya nguo tangu zamani. Nenda Kariakoo, nenda Mwanjelwa, nenda Makambako kwenyewe, utawakuta ndugu zetu nyuma ya kaunta, na doti zinazofunguliwa Tandala zimepanda na wao kutoka huko. Kinachoshangiliwa mjini Jumamosi kinaagizwa kwetu Jumatano. Wiki hii wateja wawili wameshapeleka video ile kwa fundi wangu, mmoja kwa ajili ya send-off na mwingine kwa harusi ya mdogo wake, wakimwambia awatolee vile vile. Mmoja wao ameleta kisutu. Kisutu, nguo ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, yenye mpangilio ambao watu wa pwani wamemvisha biharusi vizazi na vizazi. Fundi alinipigia kuniuliza afanye nini. Nilimwambia amrudishie mteja, amweleze, na akikataa basi amshonee kitenge.

Tandala hii ilikuwa na fundi mwingine zamani, mzee, aliyekaa barazani mwa duka na cherehani ya Butterfly ya kukanyaga. Mama alinituma kwake mara nyingi nikiwa darasa la pili au la tatu. Nikimpa kanga, alikuwa haulizi mshono wala haniambii bei. Aliitandaza mezani, akaigeuza mpaka pindo la chini likawa upande wangu, akaniambia, "Soma." Nilikuwa nasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, watu wa barazani wakisikiliza, na nikikosea ananirudisha mwanzo. Nikimaliza, alichukua chaki akachora kisanduku kulizunguka jina, vidole viwili kila upande. Kutoka kwenye kisanduku hicho alihesabu kupanda kiunoni, akahesabu kushuka kwenye upindo, na mahali hesabu ilipokataa aliunganisha kitambaa cheusi, lakini kisanduku hakikuguswa. Magauni ya mama niliyorithi ninayo manne. Rangi zimepauka, makwapa yamechakaa, na majina yote manne yanasomeka.

Mzee yule hakuwa na simu ya kumletea picha za Paris wala jukwaa la kumpigia makofi. Alikuwa na chaki, na kanuni moja aliyoifuata hata kwa kanga iliyoletwa na mtoto wa darasa la pili. Kwa ufundi wa mkono, binti wa Makambako amemzidi: ule mshono wa ubavuni, kwenye kitambaa chembamba namna ile, mzee asingeuweza. Kwa hiyo sioni sababu ya binti huyu kushindwa na kisanduku cha chaki.

Jumatatu, kabla sijapanda gari la kurudi Njombe, nilipita kwenye duka moja la nguo. Rafu ya pili kutoka juu palikuwa na doti nyingine ya jina lile lile, nyekundu na nyeusi, vipande viwili bado havijatenganishwa. Sikuinunua. Nilimtumia binti ujumbe nikamwelekeza duka lilipo.